Somo: Kufunga mlango wa mbao usije ukabana masika

Mlango wangu wa kwanza niliufunga Januari, Dar es Salaam, nikajisifu kwamba hata ukucha haupiti. Aprili mwenye nyumba akawa anaingia chumbani kwa kusukuma na bega.

1. Subiri plasta ikauke na vigae viishe. Mlango ukae ndani ya nyumba hiyo wiki mbili, umelazwa juu ya vipande vya mbao. Ukiuegemeza ukutani utapinda.

2. Piga timazi miimo yote miwili ya fremu uone kama imesimama wima, kisha pima fremu kona kwa kona. Vipimo visipolingana, rekebisha fremu kwanza.

3. Randa. Acha milimita 3 juu na pembeni, 8 hadi 10 juu ya kigae. Mbao hujaa kwa upana, kwa urefu ni kidogo mno, kwa hiyo ubavuni ndiko kwa kuangalia. Mninga umetulia, msonobari uongezee nafasi kidogo. Ubavu wa kitasa uurande mshazari wa milimita 2, ule ukingo unaotangulia kuingia kwenye fremu usigonge.

4. Bawaba tatu za inchi 4: ya juu inchi 7 kutoka kichwani, ya chini inchi 9 kutoka chini, nyingine katikati. Chora kwa kisu, chimba kwa patasi kina cha unene wa jani la bawaba, basi. Toboa kwa kekee kabla ya skrubu, na skrubu uipake sabuni. Mninga hukata vichwa vya skrubu. Anza na skrubu moja kila jani, jaribu mlango, ndipo umalizie.

5. Kitasa kiwe kama mita 1 kutoka sakafuni.

6. Sasa ushushe tena. Najua inachosha, na mafundi wengi hapa ndipo wanapokimbia. Piga msasa, kisha vanishi kotekote, pamoja na kichwani na chini kabisa. Huko ndiko nyuzi za miimo ya mlango, zile mbao ndefu za pembeni, zimekatwa, na hunywa maji kama mrija. Vanishi ya mbele na nyuma tu ni pambo.

MASWALI

— Fundi, wangu unabana sasa hivi na mvua inanyesha. Nirande?
Kaza skrubu za bawaba ya juu kwanza, mara nyingi mlango umelala tu. Kama bado, vumilia mpaka kiangazi. Ukiranda leo, Agosti utakuwa na mwanya wa kupitisha kidole.

— Skrubu zinazunguka tu, hazikazi.
Jaza tundu kwa njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, acha ikauke hadi kesho, kata zilizozidi, toboa upya.

— Mkuu, mlango unajifungua wenyewe usiku. Mama mkwe anasema ni majini.
Shikamoo yake kwanza. Halafu piga timazi mwimo wa bawaba: umeinama. Weka kipande cha kadi ngumu nyuma ya bawaba moja, ujaribu ya juu kisha ya chini, uone mlango unatulia kwa ipi.