SOMO: Kusoma orodha ya vyakula mgahawani Ufaransa, hasa samaki na vya baharini

Wakuu, salaam. Kila likizo ikikaribia napokea ujumbe uleule. Mtu yuko mezani Marseille au Nice, kapiga picha ya orodha ya vyakula, anauliza: "Hiki ni nini, na kina nguruwe?" Mhudumu kamsimamia, na mimi niko kazini. Naandika mara moja hapa. Atakayeniuliza tena nitamrudisha kwenye uzi huu.

Shikeni hili kabla ya yote: jina la samaki ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine imo kwenye maneno yanayofuata baada ya jina, yaani à la, au, aux na en. Mvinyo, nguruwe, siagi na ubichi vyote vinakaa huko. Watu wengi wanahangaika kutafuta maana ya jina la samaki, wakishaipata wanaagiza, kumbe hawajamaliza kusoma.

Hatua ya 1: Fika saa za kula. Mchana ni saa sita hadi saa nane, usiku kuanzia saa moja au moja na nusu. Katikati ya hapo jiko nyingi zimefungwa. Jumapili usiku na Jumatatu ulizia kabla hujatoka.

Hatua ya 2: Jua unasoma karatasi gani. "La carte" ndiyo orodha nzima, kila kitu na bei yake. "Menu" ni mlo kamili wa bei moja. "Formule" ni mlo mfupi, kwa kawaida vitu viwili. "Entrée" ni chakula cha kufungulia na "plat" ndicho chakula chenyewe. Mliozoea Marekani, huko entrée ndiyo chakula kikuu. Ufaransa siyo.

Hatua ya 3: Maji. Sema "une carafe d'eau". Ni maji ya bomba, salama, na hayalipiwi ukiwa unakula. Ukiomba maji tu unaweza kuletewa chupa ya kulipia. Gharama ya huduma imeshaingia kwenye bei, bakshishi ni hiari yako.

Hatua ya 4: Majina. Mengi yana ndugu zake kwetu. Crevette ni kamba, crevettes grises ni wale wadogo kama uduvi. Langouste ni kambakoche. Homard ni yule mkubwa mwenye magando mazito. Tourteau na araignée ni kaa. Poulpe ni pweza, calamar na encornet ni ngisi. Huître ni chaza, moule ni kome. Bulot na bigorneau ni konokono wa baharini, wa kwanza mkubwa, wa pili kama punje. Thon ni jodari, raie ni taa, rouget ni jamaa ya mkundaji, maquereau jamaa ya kibua, sole jamaa ya gayogayo. Samaki anayeitwa loup pwani ya Mediterania ndiye yuleyule bar pwani ya Atlantiki. Cabillaud na morue pia ni samaki mmoja, ila morue ni yule wa chumvi.

Hatua ya 5: Mbichi au kimeiva? Cru ni mbichi. Tartare na carpaccio ni mbichi, hata vikiwa vya samaki. Mi-cuit ni kuiva nje tu, na jodari huletwa hivyo sana, ndani mwekundu. Fumé ni wa moshi, grillé wa kuchoma, poêlé wa kikaangoni, vapeur wa mvuke. Friture ni samaki wadogo waliokaangwa wazima, na mliozoea dagaa hamtapata shida nao. Meunière ni samaki aliyepakwa unga akakaangwa kwa siagi na kumalizwa kwa limau. Chaza huliwa mbichi, tena akiwa hai. Mjamzito asiguse.

Hatua ya 6: Mvinyo na nguruwe ndani ya samaki. Hapa nitakaa, maana wengi wanaamini ukiagiza samaki umeshasalimika. Si kweli.

Anza na mvinyo. Moules marinières ni kome waliopikwa kwa mvinyo mweupe na vitunguu. Beurre blanc, mchuzi maarufu wa Nantes, ni siagi iliyopigwa juu ya vitunguu vilivyochemshwa kwa siki au mvinyo mweupe, mara nyingi vyote viwili. À l'armoricaine ina nyanya, mvinyo mweupe na konyagi ya Kifaransa. Bisque, ule mchuzi mzito wa kamba au kaa, mara nyingi nayo imo hiyo konyagi. Ukiona "au cidre" ni pombe ya tofaa, sana Normandie na Bretagne. "Flambé" ni kilichomwagiwa pombe kikawashwa moto. Na court-bouillon, yale maji ya kuchemshia samaki, mara nyingi hutiwa mvinyo pasipo mtu kuuandika popote. Msiniambie pombe inakauka yote jikoni. Haikauki yote, na kwa asiyeitaka hilo si la kujadiliana na mpishi.

Sasa nguruwe. Encornets farcis ni ngisi waliojazwa, na kule Sète, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa, hujazwa nyama ya soseji ya nguruwe. Kwenye orodha utaona neno "farcis" tu, basi. Ukiona neno hilo, simama uulize amejazwa nini. Tafuta pia lardons, lard, poitrine fumée, jambon, andouille na chorizo. Bretagne wanapenda kuweka andouille juu ya coquilles Saint-Jacques (kombe wa baharini mwenye magamba mawili), na hiyo andouille ni matumbo ya nguruwe yaliyokaushwa kwa moshi.

Andikeni sentensi hizi kwenye simu, mmwoneshe mhudumu kabla ya kuagiza: "Y a-t-il du vin ou de l'alcool dans la sauce ? Y a-t-il du porc ?" Akisita, mwombe akaulize jikoni. Hawakasiriki, wamezoea. Usalama wenu mkubwa ni samaki mzima wa kuchoma, "grillé entier", kwa mafuta ya zeituni na limau.

Hatua ya 7: Bei. Hatua hii mimi iliwahi kunitoa pesa nyingi, kwa hiyo someni polepole. Pembeni ya homard, langouste, turbot (samaki bapa) au loup mzima utaona namba ndogo ya kuvutia, na chini yake maandishi madogo: "les 100 g". Hiyo ni bei ya gramu 100, si ya sahani. Tuseme imeandikwa euro 12. Homard wa gramu 700 ni euro 84, mtu mmoja, kabla ya kitu kingine chochote. Uzito unaohesabiwa ni wa mzima kabla ya kupikwa, pamoja na kichwa na miiba. Migahawa mizuri ya kusini hukuletea trei ya samaki wabichi mezani uchague. Usiridhike kunyoosha kidole. Uliza "Il pèse combien ?", pokea uzito, piga hesabu, ndipo useme ndiyo. "Selon arrivage" maana yake inategemea kilichovuliwa, basi ulizia na bei ya siku. "Pour 2 personnes" chunguza kama bei ni ya wote wawili au ya kila mmoja ("par personne").

Hatua ya 8: Plateau de fruits de mer. Ni sinia la barafu lenye chaza, konokono, kamba, langoustines (jamaa mdogo wa homard) na nusu ya kaa. Utapewa koleo la kuvunjia magando, uma mwembamba wa kuchokolea, na pini ya bigorneau. Bulot unamchoma uma, unamzungusha taratibu afuate mzingo wa gamba lake. Ukimvuta moja kwa moja anakatika, nusu inabaki ndani. Kile kifuniko kigumu mdomoni mwake kitoe. Chaza na wenye magamba mawili ni wabichi, ila kaa, kamba na konokono wameshachemshwa na kupozwa.

Maswali karibuni.

---

Kijana wa Kilwa: Mkuu uzi mrefu, nifupishie. Moules marinières ina pombe au haina?

Mwandishi: Hatua ya 6, aya ya pili.

Mama Nuru: Ahsante sana kaka. Mwanangu ana aleji ya kamba, ila ngisi anakula vizuri. Nitajilinda vipi?

Mwandishi: Swali zuri sana dada. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka migahawa itoe taarifa za vizio 14, yaani vitu vinavyoleta aleji, na Ufaransa lazima ziwepo kwa maandishi. Omba "la liste des allergènes". Kamba, kaa na langoustine wako chini ya "crustacés". Ngisi, pweza, chaza na kome wako chini ya "mollusques". Ni safu mbili tofauti, na yako ni ya kwanza. Jihadhari na bisque, na soupe de poisson ambayo mara nyingi hutiwa vikaa vidogo, na sauce Nantua inayotengenezwa kwa kamba wa mtoni (Lyon huimwagia quenelles, madonge laini ya samaki). Uliza pia kama ngisi anakaangwa kwenye mafuta yaleyale ya kamba.

Msafiri 254: Kwani simu si inatafsiri yenyewe? Sioni haja ya somo.

Mwandishi: Simu itakupa maana ya "farcis". Haitakwambia amejazwa nini. Nimeshapokea picha za watu walioitegemea wakaletewa "ris de veau" wakidhani ni wali. Ni tezi ya ndama. Wali ni "riz", kwa z.

Binti wa Pangani: Naenda Marseille. Bouillabaisse naona mahali pengine bei ya chini, pengine mara tatu yake. Tofauti ni nini hasa? Nyumbani tunapika mchuzi wa samaki wa nazi, nataka kuelewa wenzetu wanafanyaje.

Mwandishi: Wewe nitakueleza vizuri. Kilikuwa chakula cha wavuvi, samaki wa miambani wenye miiba ambao hawakununuliwa. Mwaka 1980 baadhi ya wenye migahawa wa Marseille waliandika mkataba kulinda upishi wake: lazima samaki wasiopungua aina nne kutoka orodha maalumu, wakiwemo rascasse, Saint-Pierre na congre (huyo ni mkunga), na wakatwe mbele ya mlaji. Mchuzi na samaki huja mbalimbali. Kwanza mchuzi wa zafarani, pamoja na mkate uliokaushwa. Unasugua kitunguu saumu juu ya mkate, unapaka rouille, ile sosi ya saumu na pilipili, unautumbukiza. Kisha samaki. Samaki hao ni ghali, ndiyo maana bei haiwezi kuwa ndogo, na pengi unatakiwa uagize siku moja au mbili kabla. Ile ya bei ya chini mara nyingi ni soupe de poisson, samaki waliosagwa na kuchujwa. Ni tamu pia, ila ni chakula kingine. Mvinyo si lazima humo, lakini wapo wanaotia, au pastis (pombe ya anisi), basi uliza.

Mkongo wa Brussels: Nyongeza kwa wanaopita Ubelgiji: "filet américain" si nyama ya kuchoma, ni ng'ombe mbichi wa kusagwa. Na "tomate-crevettes" ni nyanya mbichi iliyojazwa kamba wadogo na mayonezi. Hiyo agizeni.

Mwandishi: Ahsante ndugu, hiyo ya filet américain ilikuwa lazima isemwe.

Kijana wa Kilwa: Chaza nimeona namba 2, 3, 4. Namba 4 ndio wakubwa?

Mwandishi: Kinyume chake. Namba ikipanda chaza anapungua. Namba 3 ndiyo ya kawaida, gramu 66 hadi 85 na gamba lake. Kwa mara ya kwanza chukua namba 4. "Fine de claire" wamemaliziwa kwenye vidimbwi vya pwani, na vya Marennes-Oléron ndivyo vyenye jina. Kiangazi ukiona "laiteuse" ni chaza wenye mbegu, weupe kama maziwa. Wengine hawawapendi.

Binti wa Pangani: Na Saint-Jacques nile mwezi gani?

Mwandishi: Uvuvi wake Ufaransa ni tarehe 1 Oktoba hadi 15 Mei. Ukimkuta kwenye orodha mwezi wa Julai, jua huenda ametoka kwenye friza.

Mwanafunzi Rennes: Mkuu, sisi wa mfuko mwembamba tufanyeje?

Mwandishi: Kula mchana kwa formule, usiku pika. Ukifika Sète nunua tielle, kimkate cha duara chenye pweza na nyanya, unakula ukitembea. Hapo Rennes ulipo, Cancale si mbali. Pale bandarini wauzaji wanakufungulia chaza palepale, wanakupa na limau, unakaa ukutani mbele ya bahari unakula. Dazeni moja ni nafuu kuliko nusu dazeni kwenye mgahawa wa nyuma yake. Nenda maji yakiwa yamekupwa, utaona na mashamba yenyewe ya chaza.