Jinsi ya Kupokezana Zamu Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Ripoti ya zamu, ambayo muuguzi anayetoka humpa anayeingia, hupokelewa kando ya kitanda, si kwenye meza ya wauguzi. Najua kwamba mezani kuna kiti na kwamba anayetoka zamu ya usiku ana miguu iliyochoka, lakini hapo hupokelewa maneno tu, na mgonjwa mwenyewe hajaonekana. Nilijifunza hili mwaka wangu wa kwanza kazini, katika hospitali moja ya eneo la ziwa, nilipoambiwa mezani kwamba mtoto wa kitanda cha pembeni “ana dripu na anaendelea vizuri.” Nilipomfikia, baada ya karibu saa moja, nilikuta mkono wake umevimba kuanzia penye kanula, kile kijirija kinachoingiza dripu mshipani, hadi kiwikoni, ngozi imekazana na kung'aa, na maji yote yameingia nyamani badala ya mshipani. Aliyenipa ripoti hakudanganya, kwa sababu alipomwona mara ya mwisho dripu ilikuwa ikienda sawasawa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekwenda kumtazama wakati tunapokezana.

Anayetoka amalize kuandika kabla ya wenzake kufika, kisha wote wawili wazunguke wodi wakiwa na mafaili na chati za dawa mkononi. Penye kila kitanda aeleze mgonjwa ni nani, amelazwa kwa nini, ni nini kimebadilika katika zamu hiyo na ni nini kinachosubiriwa, kama vile majibu ya maabara au damu iliyoombwa. Historia yote tangu siku ya kulazwa imo katika faili na haihitaji kusomwa upya. Anayepokea naye asisimame kama shahidi tu, bali aguse mkono wenye kanula, aangalie mfuko wa mkojo, afunue bandeji inayohitaji kufunuliwa, na aulize hapo hapo asichoelewa.

Katika kumtambua mgonjwa, huku kwetu magharibi mwa Kenya kuna mtego ambao mgeni hauoni. Wajaluo humwita mtoto kwa wakati aliozaliwa, hivi kwamba aliyezaliwa usiku ni Otieno au Atieno na wa asubuhi ni Akinyi. Wabukusu nao humpa aliyezaliwa wakati wa mvua jina la Wafula au Nafula. Kwa hiyo kuwakuta akina Atieno watatu katika wodi moja mjini Kisumu, au akina Wafula wawili vitanda jirani huko Bungoma, si jambo la kushangaza. Usimuulize mgonjwa, “Wewe ni Atieno?” kwa maana mwenye homa kali au mzee asiyesikia vizuri ataitikia lolote. Mwambie akutajie majina yake yote, kisha uyalinganishe na jina na nambari ya hospitali iliyo kwenye faili. Nambari ya kitanda haitoshi hata kidogo, kwani wagonjwa huhamishwa usiku, na kitanda kimoja huweza kulaza wawili wakati wodi imejaa.

Kumwita mtu “kitanda cha saba” mbele yake ni kumvunjia heshima. Msalimie, mjulishe anayeondoka na anayebaki, na umwite anavyoitwa na watu wake: Mama fulani, Mzee, au Kukhu ikiwa ni bibi wa Kiluhya naye amelipenda jina hilo. Ukimuuliza alilalaje, mara nyingi atakueleza jambo ambalo halimo katika ripoti.

Sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni dawa ambazo saa yake huangukia wakati wa kupokezana. Chukua mfano wa mtoto mwenye malaria kali, ambayo ni kazi ya kila siku kwetu. Sindano ya atesuneti hutolewa wakati wa kulazwa, kisha baada ya saa 12 na baada ya saa 24, ndipo hutolewa mara moja kwa siku hadi mgonjwa aweze kumeza dawa. Mtoto wa kilo 12, kwa kuwa yuko chini ya kilo 20, hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, yaani miligramu 36. Sasa, aliyeanzishiwa saa mbili usiku anadaiwa dozi ya pili saa mbili asubuhi, wakati ambapo mmoja anatafuta mkoba wake na mwingine anavaa aproni. Hapo dozi huweza kukosekana kwa sababu kila mmoja amedhani mwenzake ameitoa, au ikatolewa mara mbili kwa sababu wa kwanza aliitoa bila kuandika. Wekeni vidole kwenye chati, mtaje kwa sauti nani anaitoa, na aliyeitoa aandike saa halisi aliyoitoa pamoja na sahihi yake. Kutia sahihi kabla ya kutoa dawa, hata kwa nia ya kuokoa muda, ni kuandika uongo.

Dripu nayo ihesabiwe mbele yenu. Lita moja inayopaswa kwisha kwa saa 8, kwa mrija unaotoa matone 20 kwa kila mililita, hudondoka matone 42 hivi kwa dakika. Iwapo damu imefunguliwa karibu na mwisho wa zamu, kwa maoni yangu aliyeifungua asiondoke kabla ya kumaliza kumwangalia mgonjwa kwa dakika 15 za kwanza, kwa kuwa athari nyingi mbaya za ghafla hujitokeza wakati huo; na amwambie mwenzake saa ambayo damu lazima iwe imekwisha, kwani chupa moja haipiti saa 4.

Wapo wanaopinga ripoti ya kitandani kwa kusema kwamba inafichua siri, na hoja yao ina uzito, kwani vitanda vimekaribiana na jirani ana masikio. Hata hivyo, dawa yake si kurudi mezani. Mambo ya virusi vya UKIMWI, mimba iliyoharibika au dhuluma ya nyumbani huelezwa pembeni, au huonyeshwa kwa kidole katika faili bila kutamkwa. Maneno ya mafumbo hayasaidii, maana wagonjwa huyaelewa mapema kuliko wanafunzi wetu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huhesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na leseni inayotolewa na Baraza la Wauguzi la Kenya ni ya mtu binafsi. Ukiulizwa, hutaijibia wodi, utajijibia wewe.

Ukikosea katika maandishi, piga mstari mmoja ili neno la kwanza lisomeke, andika lililo sahihi, tarehe, saa na sahihi. Usifute wala usipake rangi nyeupe.

Mwisho, hesabuni pamoja dawa zinazodhibitiwa, kama mofini, na mtie sahihi zote mbili katika daftari lake, kisha mkague toroli ya dharura na geji ya mtungi wa oksijeni. Ikiwa umefika Kondele, mtaa wa Kisumu, ndani ya matatu ndipo ukakumbuka jambo ulilosahau kusema, usiliandike katika kundi la WhatsApp. Shuka, piga simu ya wodi, na usikate mpaka aliyepokea akusomee alivyoliandika katika faili.