Kuipa Sauti Kipaumbele kwenye Swichi ya Cisco Catalyst 2960

Ofisi inapounganisha simu za mezani na kompyuta kwenye swichi moja, malalamiko huwa yale yale: mtu akianza kunakili faili kubwa kwenda kwenye seva, mwenzake aliye kwenye simu anasikika kwa kukatika-katika. Simu inayotumia kodeki ya G.711 (njia ya kugeuza sauti kuwa data) hutuma pakiti 50 kila sekunde, jumla ya takriban kilobiti 80, kiasi ambacho ni kidogo sana kwa swichi. Tatizo ni kwamba pakiti ya sauti ikikwama kwenye foleni nyuma ya faili, hufika wakati neno lake limeshapita.

Hatua ya 1. Andika `show mls qos`. Kwa kawaida swichi hii hutoka kiwandani mpangilio wa vipaumbele ukiwa umezimwa, na alama za pakiti (namba zinazoonyesha kipaumbele chake) hupita bila kuguswa.

Hatua ya 2. Usiuwashe bado. Ukiuwasha kabla ya kuiambia swichi iamini milango ipi, itafuta alama zote na kuziandika sifuri, hivyo sauti na faili zitakuwa sawa mbele yake. Niliwahi kukosea hapa katika ofisi moja, na simu zikawa mbaya kuliko nilivyozikuta. Anza na milango ya simu, ambayo iwe tayari na VLAN ya sauti (mtandao wa simu uliotengwa ndani ya swichi hiyo hiyo), kwa sababu alama ya CoS, yaani kipaumbele cha 0 hadi 7, husafiri ndani ya lebo ya VLAN:

`interface range fastEthernet 0/1 - 24`
`mls qos trust device cisco-phone`
`mls qos trust cos`
`priority-queue out`

Amri ya kwanza kati ya hizo za mlango huifanya swichi iamini alama pale tu inapoitambua simu ya Cisco, ili mtu akichomeka kompyuta yake mahali pa simu asijipe kipaumbele.

Hatua ya 3. Kwenye mlango unaoelekea swichi kuu, amini DSCP, yaani alama ya kipaumbele iliyo ndani ya pakiti ya IP yenyewe:

`interface gigabitEthernet 0/1`
`mls qos trust dscp`
`priority-queue out`

Kwa `priority-queue out`, foleni ya kwanza ya mlango sasa itahudumiwa hadi iishe kabla ya nyingine tatu, kwa hiyo nashauri iachiwe sauti peke yake. Video ikiingizwa humo, wengine wote watakaa na njaa.

Hatua ya 4. Rekebisha jedwali la kugeuza CoS kuwa DSCP, kwani bila hivyo CoS 5, alama ya sauti, hugeuzwa kuwa DSCP 40 badala ya 46, kisha washa mpangilio wa vipaumbele:

`mls qos map cos-dscp 0 8 16 24 32 46 48 56`
`mls qos`

Hatua ya 5. Piga simu, na wakati mnaongea andika `show mls qos interface gigabitEthernet 0/1 statistics`. Katika sehemu ya DSCP zinazotoka, tazama mstari wa 45 - 49, safu ya pili: hiyo ndiyo 46, na hesabu yake inapaswa kupanda kila unaporudia amri. Ikibaki sifuri, rudi kwenye mlango wa simu na uangalie kama `trust state` inasomeka `not trusted`. Ikipanda, hifadhi kwa `copy running-config startup-config`.