Kabla hujawafundisha wakufunzi wa afya kuandaa masomo ya mtandaoni

Kila mkufunzi aje na somo lake analofundisha darasani. Ukimwonyesha vitufe vya Moodle, mfumo wa kuweka masomo mtandaoni, siku mbili bila somo mkononi, wiki ijayo hakumbuki kitu.

Slaidi 60 zilizopandishwa mtandaoni si kozi. Waambie hivyo siku ya kwanza.

Mkumbushe atakayesoma ni nani: muuguzi wa zahanati aliye zamu ya usiku, simu ndogo, bando kanunua mwenyewe. Video ziwe fupi, za dakika tano au sita, na somo liweze kupakuliwa likasomwa bila mtandao. Programu ya simu ya Moodle inaruhusu hilo, ila wakufunzi wengi hawajui. Kisha kila mmoja afungue somo lake kwenye simu ya kawaida, si kompyuta ya ofisini.

Picha za wagonjwa: ridhaa kwanza. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2022, Kenya tangu 2019. Kuziba macho hakutoshi. Angalia mkanda wa jina mkononi na faili lililoachwa kitandani.

Sasa hili nisikilizeni vizuri. Kabla mkufunzi hajarekodi chochote, aandike mwanafunzi atafanya nini kwa mikono yake, na nani atamwona akifanya.

Mimi sikuandika. Tuliweka mtandaoni somo la kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua: video nzuri, maswali, cheti mwishoni. Wakunga wakafaulu. Nikaenda kituo kimoja cha afya kumtembelea mkunga aliyepata 96. Nikaweka mdoli mezani, nikampa mfuko na maski vya kumpa mtoto hewa, nikaanza kuhesabu sekunde. Alijua kila hatua, akazitaja kwa mpangilio: kausha, sugua mgongo, nyoosha kichwa, pampu ndani ya dakika ya kwanza. Lakini maski ilikaa upande, ukingo mmoja juu ya jicho, hewa ikitoka shavuni. Akaminya, akaminya tena. Kifua hakikunyanyuka. Akaniangalia akasema, "Mwalimu, kwenye simu nilielewa kabisa." Na kweli alielewa. Mimi ndiye niliyempima kusoma, nikampa cheti cha kutenda. Jioni ile ile leba yao ilikuwa na akina mama watatu.

Nilimshika vidole, nikamwonyesha namna ya kubana maski kidevuni. Mara ya nne kifua kikapanda. Dakika kumi tu, na video zangu zote hazikuwa zimempa hizo dakika kumi.

Wala si mtandao peke yake. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, Tanzania, mwaka 2010 watumishi walipata mafunzo ya siku moja ya ana kwa ana ya Helping Babies Breathe, yaani kumsaidia mtoto mchanga apumue. Kwenye mdoli walifanya vizuri, lakini kule leba utendaji haukubadilika. Baadaye yakaanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi hai 1,000.

Kwa hiyo mfundishe mkufunzi kugawa somo: maelezo yaende kwenye simu, mikono ibaki wodini. Kituo kiwe na mdoli na mtu mmoja aliyeandaliwa kusimamia, mwenye orodha ya hatua za kuweka tiki, mazoezi kila wiki hata kwa dakika kumi. Cheti kisitoke kabla mtu huyo hajatia sahihi. Kituo kisicho na mdoli, usikidanganye kwa video ya pili.

Mengine yapo. Andika tarehe chini ya kila somo, maana miongozo ya dozi hubadilika. Weka namba ya mtu atakayepokea simu mwanafunzi akikwama. Hifadhi nakala nje ya kompyuta ya chuo. Usifungue kozi wiki ya mitihani, wala mwisho wa mwezi watu wakiwa kwenye ripoti. Na jenereta, ulizia mafuta mapema.