Somo: Kufunga Kaspersky Endpoint Security kwa nenosiri

Kwenye ofisi nyingi za utalii hapa Arusha, antivairasi huzimwa na mhasibu kabla kirusi hakijafika. Programu ya risiti imezuiwa, mgeni anasubiri, basi anabofya kulia alama iliyo karibu na saa, anachagua «Exit». Imekwisha. Dawa ni kuifunga antivairasi kwa nenosiri; hatua hizi ni za Kaspersky Endpoint Security toleo la 12 kwa Windows. Majina ya skrini nimeyaacha yalivyo.

1. Bofya alama ya gia, nenda «General settings», kisha «Interface», washa «Password protection».

2. Weka nenosiri la KLAdmin. Hii ndiyo akaunti kuu na haki zake haziondoleki, kwa hiyo jina la kampuni na mwaka havifai. Liandike, litie kwenye bahasha, ifungiwe kwa meneja.

3. Fungua ruhusa za kundi «Everyone». Hapa wengi hukosea: tiki maana yake kila mtu anaruhusiwa BILA nenosiri. Ondoa tiki kwenye kufunga programu, kuzima ulinzi, kubadili mipangilio na kuiondoa programu. Ya kuona ripoti iache. Mhasibu atakupigia akiwa na jina la faili lililozuiwa, nawe utaliweka kwenye orodha ya yasiyokaguliwa. Usipolitatua hilo, watakusumbua wakuombe nenosiri kila siku.

4. Hifadhi, ingia kwa akaunti ya mtumiaji wa kawaida, jaribu «Exit». Lazima idai nenosiri. Ukiliingiza kwenye kompyuta ya mtu, usitie tiki ya kulikumbuka kwa kipindi hicho, maana ukiondoka unamwachia mlango wazi.

Wenye Security Center (seva ya Kaspersky ya kusimamia kompyuta zote kwa pamoja) wafanye haya kwenye sera, yaani mipangilio inayotumwa na seva, na kufunga kufuli la kipengele hicho ili kisibadilishwe kwenye kompyuta. Network Agent, programu inayounganisha kompyuta na seva hiyo, nayo ina nenosiri lake la kuzuia kuondolewa, kwenye sera yake yenyewe. Usipoliweka, mtu anaing'oa Agent na kompyuta haipokei tena maagizo ya seva.

MASWALI

– Mkuu, laptopu ya mwongoza watalii wetu iko Seronera, haifiki kwenye seva. Anataka kubadili mpangilio mmoja. Nimpe la KLAdmin?

Hapana, usimpe. Security Center ina nenosiri la muda: fungua sifa za kompyuta hiyo, chagua Kaspersky Endpoint Security, weka tarehe ya mwisho na kitendo anachoruhusiwa, kisha msomee kwa simu. Kompyuta nyingine halifungui.

– Shikamoo. Niko Moshi, hatuna seva, na aliyeweka nenosiri ameacha kazi.

Marahaba. Bila seva halirudishwi. Kama kompyuta ingekuwa chini ya Security Center, ungelibadili kwenye sera. Mtafuteni huyo aliyeondoka kwanza. Akishindwa, wasilianeni na huduma kwa wateja ya Kaspersky. Kufuta folda kwa mkono msijaribu, Self-Defense, kinga ya antivairasi dhidi ya kuharibiwa, itawazuia.

– Nikitaka kuiondoa antivairasi kwa msiexec, amri ya Windows ya kuweka na kuondoa programu, inadai nenosiri. Naliweka wapi?

Ongeza KLLOGIN=KLAdmin na KLPASSWD= ikifuatiwa na nenosiri, kwenye mstari uleule. Kama amri umeihifadhi kwenye faili la bat, ukimaliza lifute. Nenosiri limo humo wazi, na desktop ya mapokezi inafunguliwa na kila mtu.