Kujifunza kupika sombe na bugali ukipita Bukavu

Methali humpa mgeni siku mbili kabla ya kumkabidhi jembe. Ukitaka kujifunza kupika sombe (majani ya muhogo yaliyotwangwa) na bugali (ugali wa unga wa mihogo), omba jembe siku ya kwanza, maana Bukavu, mashariki mwa Kongo, mgeni huwekewa kiti, akaletewa sahani iliyojaa, na hapo somo likawa limekwisha.

1. Patana mapema

Mwenye nyumba unakolala akupeleke kwa jirani anayepikia familia kila siku. Mkahawa haufai: asubuhi kuna haraka, na mama hawezi kukuachia mwiko. Mwambie jirani huyo wazi, "Mama, nataka nitwange na nisonge mwenyewe." Pesa ya vyakula iwe mbali na malipo ya kazi yake. Dola iliyochanika hata kidogo hukataliwa, na sokoni utahitaji franga ndogondogo. Anzeni saa mbili asubuhi mkitaka kula adhuhuri.

2. Sokoni Kadutu

Kwa watu wanne: kilo 1 ya majani ya muhogo yaliyotolewa vijiti, kitunguu kikubwa, poaro (liki) 1, bilinganya 2, vitunguu saumu punje 4, sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) wakavu gramu 200, mawese mililita 150, na unga wa mihogo kilo 1.

Chagua majani ya juu, laini. Yaliyokomaa huacha nyuzi ambazo hata saa tatu za moto haziziondoi. Sombe iliyokwisha kusagwa kwa mashine inauzwa, lakini ukiinunua umelipia nusu ya somo bila kulipata. Sambaza mkavu akikunjwa avunjike. Akipinda tu, ana unyevu na ataota ukungu. Ukitaka wabichi, jua kwamba huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mbalamwezi ikiwa kali samaki hupungua na bei hupanda.

3. Kinu

Hapa usiharakishe. Jaza theluthi moja tu ya kinu; kikizidi, majani yanaruka nje na ya chini hayaguswi. Tia chumvi kidogo na vitunguu saumu ili majani yashikane yasiteleze chini ya mchi. Twanga dakika 20 hadi 30, ukigeuza kutoka chini, mpaka yawe kama uji mzito usio na vipande. Mkiwa wawili, kila mmoja na mchi wake, pokezaneni. Anayevunja mpigo ndiye anayegonganisha michi.

Wapo wanaoyachovya majani kwenye maji moto kwanza ili yalainike. Ni rahisi kwa mikono, ila afadhali uyatwange mabichi. Majani ya muhogo hutoa sianidi yakipondwa, na kinachoitoa ni kimeng'enya kilicho ndani ya jani lenyewe. Maji moto hukiua kabla hakijafanya kazi, na sumu ikabaki imefungwa. Ukitwanga kwanza, inafunguka, kisha mvuke unaichukua.

4. Sufuria

Chemsha lita 1.5 ya maji juu ya makaa, tia sombe, na usifunike kwa saa nzima ya kwanza. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo muda wa mapishi uliouzoea pwani hautoshi. Maji yakipungua, ongeza ya moto.

Majani yakilainika, tia kitunguu, poaro, bilinganya, mawese na sambaza waliooshwa mara tatu. Mchanga hukaa vichwani. Acha dakika 40 nyingine. Chumvi ya kuongeza iwe ya mwisho, baada ya kuonja, maana samaki wana ya kwao. Ukipenda karanga za kusaga, vijiko 4 vitoshe: zikoroge kwanza na maji ya uvuguvugu, la sivyo zinazama na kuungua. Magadi hulainisha haraka, lakini sombe hugeuka utelezi, mimi singeweka.

5. Bugali

Lita 1 ya maji yanayochemka, na unga kama gramu 600. Mimina unga wote katikati, acha maji yapande pembeni kwa dakika 1, kisha toa sufuria motoni, ibane kwa miguu, songa kwa nguvu. Madonge yakitokea, yaponde ubavuni mwa sufuria kwa mwiko kabla ya kuongeza chochote. Unga mpya juu ya donge hulifunika tu. Rudisha motoni dakika 3 hadi 5, ukigeuza. Bugali ukiwa mweupe kama chaki, ni mbichi bado na utanata menoni. Ulioiva hung'aa, rangi inakuwa ya kijivu kidogo, na unaachana na sufuria.

Lowesha mwiko, fanyiza bonge, funika. Sufuria ijazwe maji baridi papo hapo, kabla mabaki hayajakauka.