SOMO: Viazi mviringo kwa mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu

Naulizwa kila mara kama mgonjwa huyu anaweza kula viazi, naliandika hapa swali liishe. Potasiamu ni madini yaliyomo kwenye vyakula vingi. Mtu wa Uporoto au Makete huwezi kumwambia viazi basi. Vinalika, ila kwa utaratibu. Somo linamhusu mgonjwa ambaye vipimo vya damu vimeonyesha potasiamu iko juu. Si kila mwenye figo anahitaji hili, daktari wake ndiye aseme.

1. Menya, osha.

2. Katakata vipande vidogo vyembamba.

3. Chemsha mara mbili. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Potasiamu haiungui kwa moto, inatoka kwenye kiazi na kuingia kwenye maji. Kwa hiyo weka maji mengi, angalau mara mbili ya viazi. Yakichemka, MWAGA YOTE. Weka maji mapya, chemsha tena hadi viive, mwaga tena. Ukipika kwa maji kidogo yakaukie humohumo, hujatoa kitu. Ukichukua yale maji ukatengenezea rojo, umemrudishia mgonjwa kila ulichotoa. Magadi usitie, yana sodiamu. Huku Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwa joto la chini kuliko Dar, basi vumilia viive.

4. Unga kwa kitunguu, mafuta kidogo na giligilani. Nyanya usijaze, nayo ina potasiamu.

5. Pakua kiasi. Potasiamu imepungua, haijaisha.

MASWALI

Mdau wa Soweto: Nikiloweka usiku kucha halafu nipike kawaida?
Jibu: Hatua ya 3. Kuloweka peke yake hakutoshi.

Mdau wa Mafinga: Mkuu unatupotosha, maji ya viazi ndiyo yenye vitamini.
Jibu: Vitamini zinatoka pia, kweli. Lakini potasiamu ikizidi kwenye damu moyo unaweza kusimama. Kwa mgonjwa huyu mimi namwaga.

Mama wa Tukuyu: Mama mkwe anasafishwa damu, na kwetu chakula ni ndizi. Njia hii inafaa?
Jibu: Inafaa, mama, na asante kwa kuuliza kabla ya kupika. Menya, katakata, chemsha, mwaga, rudia. Mtori uache, maana unakula na maji yake, na kwa anayesafishwa damu supu inahesabika kwenye kipimo chake cha maji ya siku. Parachichi lina potasiamu nyingi. Tufaa la Njombe lina afadhali, mpe hilo.

Mdau wa Uyole: Nimeona chumvi ya "sodiamu kidogo" dukani. Nimnunulie baba?
Jibu: Hapana! Soma pakiti. Nyingi wamepunguza sodiamu wakaweka kloridi ya potasiamu. Tumia ndimu kidogo, tangawizi na kitunguu saumu.

Mama wa Tukuyu: Na mboga?
Jibu: Kabichi ni nafuu kuliko mchicha. Ikate nyembamba, ichemshe, mwaga maji, ndipo ukaange.